Kwenu Alihama Nani?

Kraaienwaard, 11 Februari 2007

Dada Jannigje,

Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka ng'ombe wakageuka kunitazama, na wewe ukanijibu habari za mguu wako. Basi soma, taratibu, na usimsomee mtu.

Wamekuja watu wa Bodi ya Maji. Wamekuja na ramani na keki ya tufaha. Nilipoiona keki nikajua hapa pana jambo, maana katika nchi hii mgeni hupewa kahawa na biskuti moja, kisha kopo linafungwa. Asiye na neno zito haleti keki nzima.

Tulikaa kwenye ghala la Huib, majirani wote. Bibi Terlouw, yule mkuu wa matuta, alisema wazi, hakuzunguka. Mto Maas unahitaji nafasi. Tuta letu la kuzuia mto litashushwa, ili maji yakifura yaingie huku kwetu, yasipande huko kwenu Den Bosch kwenye watu wengi. Mwenye mrithi atakayeendelea na ng'ombe atajengewa kilima, nyumba juu na zizi juu, mto utamzunguka kama bata. Asiye na mrithi atahama.

Mimi nimeandikwa kwenye ramani kilima cha mwisho, kando ya kanisa. Chini yake wameandika: mrithi yupo, yuko nje ya nchi.

Dada, unamjua mwanangu Aart. Akisikia tu ataacha kazi yake ya maji huko mbali Khulna, atarudi kukamua ng'ombe ambao tangu utotoni anawaogopa. Hatarudi kwa kupenda, atarudi kwa huruma, na huruma haikamui. Kwa hiyo sijamwambia. Nawe ukimwandikia, andika habari za mguu.

Sijajibu ndiyo, sijajibu hapana. Bibi Terlouw alisema hawatagusa udongo hata koleo moja mpaka mwenye nyumba wa mwisho akubali. Ndiyo desturi yetu, tutakunywa kahawa mpaka tukubaliane, hata ng'ombe wazeeke. Lakini sasa kila nikimwaga maziwa ya ndama naona macho ya Huib. Ananiambia tu, "Baridi leo, Neeltje." Baridi gani, jua linawaka!

Mdogo wako,
Neeltje


Khulna, 20 Februari 2007

Mama mpendwa,

Mimi mzima, nakula vizuri, usiulize. Samaki kila siku, na wali mwingi kuliko viazi vyote vya Brabant.

Nina jambo nataka unisaidie. Huku nako kuna mabonde yaliyozungushiwa matuta, na watu wanayaita polda kama sisi, maana wenzetu ndio waliokuja kuwafundisha zamani. Sasa mito imejaa tope na maji ya mvua hayatoki. Kazi yetu ni kuwaomba wanavijiji wa bonde moja waufungulie mto uingie kwao kwa miaka kadhaa, utandaze tope, ardhi ipande. Maana yake wahame kwa muda. Mkutano wa kwanza nilisimama na mkalimani nikaieleza nchi yetu. Nilisoma hivi:

"Uholanzi ni nchi ndogo ya Ulaya Magharibi, mahali mito mikubwa mitatu inapoingia baharini. Robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Ni ufalme wenye bunge la mabaraza mawili, na serikali huundwa kwa muungano wa vyama. Uchumi wake unategemea biashara, viwanda na kilimo. Bandari ya Rotterdam ni kubwa kuliko zote Ulaya, na kwa kuuza mazao nje nchi hii ni ya pili duniani. Mjini The Hague kuna mahakama za kimataifa. Maarifa yake ya maji hutumika dunia nzima."

Wakapiga makofi kwa adabu. Kisha mzee mmoja mkulima wa mpunga, anaitwa Nurul, akainua mkono. Akasema, "Bwana mkubwa, tumesikia habari za nchi yako. Ni nzuri. Sasa tuambie, kwenu alihama nani?"

Nikasema watu wengi wamehama katika historia. Akasema, "Sikuulizi historia. Nitajie mtu mmoja, jina lake."

Mama, sikuwa na jina. Watu wakacheka, hata mkalimani akacheka. Mkutano wa pili ni baada ya mavuno, na bila Nurul hakuna atakayekubali. Ungekuwa wewe ungewaambiaje habari za nchi yetu?

Wako,
Aart

Nyongeza: dirisha langu linaelekea barabarani na halina pazia. Wapita njia wanasimama kunitazama nikila. Nimewaambia kwetu ndivyo tunavyokaa. Hawaamini.


Kraaienwaard, 11 Machi 2007

Mwanangu Aart,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara nyingi, siyo kwa kuwa ni ngumu, ila zile karatasi ulizosoma mkutanoni zimenisumbua. Mimi shule niliacha nikaenda kukamua, unajua, kwa hiyo nikikosea unisamehe. Lakini mwanangu, hotuba yako haina mtu ndani. Ni kama nyumba ya kupangisha.

Ungewaambia hivi. Nchi yetu ni sahani, wala haina mlima, na sisi tumekaa katikati ya sahani tukiomba mtu asiisukume meza. Babu yako alikuwa akitoka mlangoni anatazama juu kuona meli inapita mtoni, juu ya kichwa chake. Waambie hilo, wataelewa, nao ndiyo maisha yao.

Habari za serikali usianze na Malkia. Malkia tunampenda, tunamnunulia keki ya rangi ya machungwa siku yake, lakini siye aliyetuzuia tusizame. Bodi ya Maji ilikuwepo kabla hatujawa na mfalme wala malkia. Watu walikuwa na matajiri wao na maaskofu wao na ugomvi wao, lakini tuta likivuja tajiri na maskini wanalowa pamoja. Ndipo tulipojifunza kukaa mezani. Hata huko juu hakuna chama kinachotawala peke yake. Mwaka huu walizungumza tangu uchaguzi wa Novemba, serikali imekuja kupatikana juzi Februari. Na usiwaeleze kwamba mji mkuu ni Amsterdam ilhali serikali inakaa The Hague, watadhani jua limekupiga.

Uchumi sijui. Najua gari la maziwa linakuja, linaondoka, na jibini inakwenda kuliwa na watu ambao sitawaona kamwe. Maua pia. Tunaiuzia dunia vitu vinavyooza, ndiyo maana tuna haraka.

Na huko kusema tunasaidia dunia nzima, mwanangu, sema polepole. Bibi yangu alikuwa anakwangua kokwamanga juu ya koliflawa kila Jumapili. Kokwamanga haioti Kraaienwaard. Ilitoka visiwani kwa watu, mbali huko mashariki, na babu zetu hawakwenda kule na keki ya tufaha, walikwenda na mizinga. Huyo mzee Nurul hajasahau kuwa watu weupe hufika na ramani. Ukimficha hilo atakuona mwongo hata ukisema kweli.

Jina la mtu aliyehama sina la kukupa sasa. Nitafikiri.

Hapa kwetu hakuna jipya. Huib anasema baridi.

Unakula mboga? Usinijibu wali.

Mama yako


Khulna, 2 Aprili 2007

Mama mpendwa,

Umenichekesha na umenitia aibu, yote kwa pamoja. Nimeitupa hotuba yangu. Nitasema habari ya sahani, na ya kokwamanga pia, ingawa mkuu wangu alikunja uso.

Leo nina kichekesho cha kukulipa. Amepita mtaalamu mmoja kutoka nyumbani. Anasema kuna polda kwenye Maas, jina limemtoka, mahali Bodi ya Maji inapotaka kuupa mto nafasi. Majirani wote wamekubali isipokuwa bibi mmoja mjane. Na unajua amekataaje? Hakusema neno. Amefunga mapazia! Mchana kweupe, mapazia meusi ya wakati wa vita, yale ya kuficha taa zisionwe na ndege. Polda nzima imesimama. Hakuna anayethubutu kugonga mlango. Mkuu wa matuta anapita kwa gari, anatazama dirisha, anageuza.

Tulicheka ofisini mpaka machozi. Mtaalamu akasema, "Mamilioni ya tani za maji, na yote yanasubiri kitambaa cha ajuza mmoja." Nikasema kichwa kigumu hicho kinafaa kuzibia tuta. Nawaza kumtaja kwa Nurul, kumwonyesha kuwa hata kwetu wakaidi wapo na bado tunawasubiri.

Kumbe na wewe una mapazia kama hayo ya bibi mzaa baba. Usije ukaiga!

Wako,
Aart


Kraaienwaard, 22 Aprili 2007

Dada Jannigje,

Nimekuwa kichekesho cha Khulna. Mwanangu mwenyewe amenicheka kwa karatasi na stempu, na hajui kuwa ni mimi.

Sikiliza ilivyokuwa, maana naona hata wewe umesikia kwa watu. Mimi sikukataa kitu! Barua ya Aart ya Februari ilipofika nilitaka kuisoma kwa sauti, unajua mimi bila sauti maneno hayaingii. Nikafika pale mzee wa watu anauliza, kwenu alihama nani. Nikaanza kulia. Nikainua macho, nikamwona Huib barabarani na baiskeli yake, ananipungia mkono. Katika nchi hii huwezi hata kulia nyumbani kwako ukaachwa, dirisha zima liko wazi kama duka la nyama. Nikafungua kabati, nikatundika mapazia ya mama mkwe. Nikasema nitayatoa nikimaliza kulia.

Sasa kila jioni nasoma, nalia, nasahau kuyatoa. Nao nje wamepiga ramli yao: Neeltje kakataa. Mbona hawaulizi? Watu wanaojua kina cha kila mtaro kwa kijiti, kuuliza jirani "una nini?" kunawashinda.

Na mimi mkaidi kidogo nipo, sikatai. Nilipojua wanadhani nimekataa, niliona raha. Siku moja tu. Ya pili ikaniuma.

Niambie ukweli. Mwaka wa tisini na tano mto ulipofura, ulipokaa juu ghorofani na mguu wako, uliogopa?

Neeltje


Den Bosch, 26 Aprili 2007

Neeltje,

Umeniuliza ukweli, nakupa. Niliogopa. Nilimsikia jirani wa chini akipandisha viti juu ya meza, kisha akampandisha mama yake juu ya viti. Wewe wakati ule ulikuwa unapakia ng'ombe kwenye malori ya watu usiowajua, na sikukuambia kwa sababu ungenikasirikia, ungesema "mimi nahama na wewe unalia umekaa."

Lakini usikubali kwa ajili yangu. Mimi mguu utanichukua kabla ya mto. Kama unakubali, kubali kwa lako. Na kama unahama, chini ya fleti yangu kuna mtu anahamia kwa binti yake. Dirisha kubwa. Linatazama barabara, siyo mto, nakuonya mapema.

Jannigje


Kraaienwaard, 29 Aprili 2007

Mwanangu Aart,

Nimesoma kichekesho chako. Ofisi yenu ina watu wachangamfu.

Ila nataka nikusahihishe kuhusu huyo bibi. Hakukataa. Alifunga mapazia kwa sababu alikuwa anasoma barua ya mwanawe na machozi yanamtoka, na hakutaka jirani amwone kutoka kwenye baiskeli. Ni hivyo tu. Kichwa chake si kigumu kuliko cha wengine. Wengine wameogopa kumuuliza, na yeye ameogopa kusema, basi wote wamekaa kimya wakaita kimya hicho jibu.

Ukienda kwa Nurul usimtaje kuwa mkaidi. Mtu anayeambiwa aache zizi alilozikia nguvu zake haitwi mkaidi akinyamaza. Anaitwa mtu anayefikiri. Na huyo Nurul naye anafikiri, mwache.

Maua ya tulipu yametoka kando ya mtaro. Nilisahau kwamba niliyapanda.

Kula mboga.

Mama yako


Khulna, 19 Mei 2007

Mama,

Umejuaje alichokuwa akifanya nyuma ya pazia?

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa. Nikamtafuta yule mtaalamu kwa simu, nikamuuliza polda gani. Akasema, "Kraaien-nini sijui, ina kanisa lenye mnara uliopinda." Mama, mnara huo niliupanda nikiwa mtoto, viatu vikanidondoka, nikarudi nyumbani na kimoja.

Niliwachekesha watu kwa mama yangu. Sijui nianzie wapi. Kwa nini hukuniambia? Nimekaa huku nafundisha watu kuhama, na nyumbani mama yangu anahamishwa, halafu ananiandikia habari za kokwamanga!

Nimeongea na ofisi. Naacha kazi mwishoni mwa Juni. Nimeona ramani kwa barua pepe, nimeona kilima chetu. Mrithi yupo, wameandika, na ni kweli yupo. Nitajifunza ng'ombe. Usiseme ndiyo wala hapana mpaka nifike. Bila wewe hawawezi kuanza, basi wasubiri.

Mwanao,
Aart


Kraaienwaard, 3 Juni 2007

Mwanangu, kipenzi changu Aart,

Barua yako imechelewa, na ni vizuri imechelewa. Nilikwisha sema ndiyo, Jumanne iliyopita.

Nilikwenda ghalani kwa Huib na keki. Keki nzima. Walipoiona, hata Bibi Terlouw aliweka kikombe chini. Nikasema, "Mnasubiri nini?"

Huib akasema, "Tunakusubiri wewe, Neeltje. Ulikataa."

"Nilikataa lini?"

"Ulifunga mapazia!"

"Nilikuwa nalia, Huib! Mtu akilia afanyeje, apunge mkono?"

Mke wake akamgeukia, "Nilikuambia ukagonge mlango. Nilikuambia au sikukuambia? Wewe kila siku baridi, baridi!"

Wakacheka, nikacheka na mimi, na Huib akawa mwekundu kama ganda la jibini ya Edam. Kisha alisema kitu ambacho sikukitegemea. "Tungesubiri mpaka Krismasi. Hata mbili." Na najua wangesubiri. Basi nikasema ndiyo, maana mtu akijua angeruhusiwa kusema hapana, ile ndiyo inakuwa yake.

Sasa habari ya kilima. Nimekitoa, Aart. Rianne, binti wa Huib, na mumewe walikuwa hawana pa kwenda, maana kilima cha baba yao Huib anakichukua kaka yake. Rianne anazungumza na ng'ombe kama dada zake. Nilimwambia Bibi Terlouw afute pale palipoandikwa mrithi yupo nje ya nchi, aandike jina la msichana. Alinitazama, akauliza, "Mwanao anajua?" Nikasema mwanangu anaogopa ng'ombe.

Usinikasirikie. Nilikuficha kwa sababu nilijua utafanya hivi ulivyofanya. Ungekaa juu ya kilima hicho miaka yako yote, mto umekuzunguka, ukinitunza mimi na kuwachukia wanyama wasio na kosa. Mama gani anajengewa kisiwa ili amfungie mwanawe? Rudi ofisini kwako uombe radhi. Sema mama yako amekataa. Safari hii nimekataa kweli, waambie wacheke.

Na kunicheka kwako nimekusamehe kabla hujaomba. Kwenye barua ile hukujua kuwa ni mimi. Ila ukimcheka mtu mwingine aliyefunga mapazia, hapo tutagombana.

Nenda kwa mzee Nurul. Usimpeleke ramani kwanza. Kaa, unywe chai yake, umsubiri kama Huib alivyonisubiri, lakini wewe gonga mlango, umuulize ana nini. Ukimaliza kusikiliza, mjibu lile swali lake. Mwambie kwetu alihama mtu mmoja, anaitwa Neeltje, mjane wa Marinus, alikuwa na ng'ombe na mtaro na mnara uliopinda. Mwambie iliniuma. Mwambie bado inauma. Usimpe moyo kwa uongo. Akiuliza kama huyo Neeltje alilazimishwa, mwambie aliulizwa.

Mapazia yamo ndani ya kifurushi hiki. Nimeyafua, lakini harufu ya kabati haitoki. Ni mazito, yatazuia jua la huko, na hao wapita njia waache kukutazama ukila. Mimi siyahitaji tena. Nahamia Den Bosch, fleti ya chini ya mama yako mkubwa, tutagombana kwa kugonga dari. Dirisha ni kubwa, liko usawa wa barabara.

Nitaweka kiti hapo, na chungu cha maua ya jeranium. Siku utakayokuja, usipige simu kwanza kama wageni. Pita tu barabarani, utaniona.

Mama yako,
Neeltje